Vifuniko Vyekundu na vya Buluu

Olenguruone,
4 Februari 2024

Kwako Chepchumba, binti yangu, daktari wangu,

Chamgei, mama. Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Sisi tuko wazima. Baba yako ni mzima, siku hizi ndiye anayekamua ng'ombe asubuhi, anasema anataka mazoezi. Kaka yako Weldon amepaka nyumba yake rangi ya maziwa na sasa anatembea kama diwani. Mke wake anajifungua mwezi wa tano. Viazi vimekubali. Yule ng'ombe mweusi amezaa ndume tena, nimechoka na yeye.

Boksi lako lililetwa Ijumaa na dereva wa lori la maziwa. Mikebe ishirini na minne ya mafuta, kumi na miwili ya kifuniko chekundu, kumi na miwili ya buluu, na madaftari ishirini na manne. Nilihesabu mbele ya watu wote pale ukumbi wa kanisa. Nikawaambia, aliyetuma hivi ni yule niliyemzaa pale zahanati bila kutoa sauti, hadi nesi akadhani nimesinzia. Walicheka lakini wanajua ni kweli.

Niliwaeleza vile uliniambia. Kuna mafuta ya siwot, ule mmea wetu wa kuwasha unaoota kando ya zizi, na kuna mafuta ya kawaida. Yote yananukia mkaratusi, hakuna anayejua rangi gani ni ipi, hata wewe mwenyewe hujui. Mtu ajipake asubuhi na jioni pale neva zinapochoma, asiache dawa za hospitali, na kila Ijumaa aandike namba. Sifuri hakuna maumivu, kumi ni yale ya kumtoa mtu akili. Mzee Hezekiah, yule mwenye sukari ambaye miguu inamchoma mpaka anavaa viatu bila kamba, akasema, "Bibi yangu alinichapa na siwot nikiwa mdogo. Leo imerudi na digrii."

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya baba yako inasikika hadi kwa jirani. Tena mimi darasa la saba nilikuwa wa kwanza kwa insha, na mwandiko usipotumika unaoza. Kila mwezi madaftari yakirudi Nakuru, barua yangu utaipata chini yake.

Usiwe na wasiwasi na upande huu. Nitagawa kwa haki. Hakuna atakayesema binti ya Rael alimnyima. Pasta nimeshamwambia kuhusu Desemba na joho lako la kuhitimu.

Ni mimi mama yako,
Rael

Nakuru,
9 Machi 2024

Mama mpendwa,

Chamgei mising. Nimefurahi sana kusikia habari za nyumbani, na pole kwa ndume. Huku Nakuru ni vumbi tu, upepo unatoka ziwani na kuingia mpaka kwenye uji. Nina afya. Nakula. Hata kabla hujauliza, ndiyo, nakula.

Madaftari ni safi. Profesa Omolo, yule anayenisimamia, aliyashika moja moja akasema Olenguruone kuna karani wa kweli. Longonot nako kuna watu ishirini na sita, wengi waliumia mikono kwa kazi ya mashamba ya maua, na nesi anaitwa Sue ndiye anawasimamia. Kwa hivyo ni nyinyi na wao. Tutalinganisha nyekundu na buluu pande zote mbili.

Narudia lile moja, Mama, usichoke na mimi: mkebe wa mtu ni wa mtu. Usibadilishwe, usiazimwe.

Na Desemba tusiitangaze bado. Bado nina kitabu kizima cha kuandika.

Halafu, kwa nini baba anakamua? Baba hapendi hata kushika ndoo.

Wako,
Chepchumba

Olenguruone,
30 Machi 2024

Binti yangu Chepchumba,

Salamu za Pasaka. Kanisa limejaa, kwaya ya akina mama imevaa vitambaa vipya vya kijani na mimi ndiye nilichagua. Mvua imeanza vizuri. Mama Weldon mdogo, yaani huyo mke wake, amevimba miguu lakini anakula udongo kwa furaha. Thermos yetu ile kubwa ilivunjika. Tumenunua nyingine ya bati.

Kazi yako inaendelea kama saa. Kila Ijumaa tunaketi, tunakunywa chai, wasioweza kupaka mgongo au nyayo ninawapaka mimi, kisha namba. Kulikuwa na kelele kidogo mwanzoni kuhusu vifuniko. Kogo Cheptoo wa kule mtoni, unamkumbuka, yule ajuza anayeweka tumbaku kwenye kofia ya mtoto, alipata nyekundu na jirani yake akapata buluu, basi wakaacha kusalimiana. Nikayamaliza. Unanijua. Sasa wote wanapendana na wote wanapona.

Hezekiah ametoka nane mpaka tano. Jumapili alikuja kanisani na kamba kwenye viatu. Watu waligeuka kuangalia miguu badala ya pasta.

Nimemwambia pasta atangaze Desemba, na ametangaza. Usinikasirikie. Mtoto wa kwanza wa kanisa hili kuitwa daktari, ninyamaze kwa nini?

Mama yako,
Rael

Nakuru,
12 Mei 2024

Mama,

Salamu nyingi. Hongera kwa mjukuu, Weldon alinitumia picha, ana paji la uso la baba. Namtumia shuka kwenye boksi hili.

Barua yako ya Aprili ilikuwa ya nusu ukurasa, na hukuwahi kuandika nusu ukurasa maishani. Wino umemwagika chini. Uko sawa?

Hukunijibu kuhusu baba na ng'ombe.

Chepchumba

Olenguruone,
9 Juni 2024

Daktari wangu,

Chamgei. Mtoto ameitwa Kimberly, mimi nilitaka jina la mama yangu lakini siku hizi majina yanatoka kwenye simu. Shuka ilifika, analalia yeye, mama yake anaitamani.

Niko sawa. Kalamu ndiyo mbaya, hizi za siku hizi zinavuja. Baba yako amezoea ng'ombe, amewapa hata majina.

Sasa sikiliza mambo mazuri. Kamati ya Desemba imekaa, mimi mwenyekiti. Tumetenga mbuzi, yule dume mwenye madoa. Akina mama watashona magauni ya rangi moja. Maziwa ya mursik nimeshayaweka kwenye vibuyu vitatu. Watu kumi na wanane watakuja Nakuru kukuona ukivaa joho, na wewe usijifanye hutujui tukipiga vigelegele mbele ya maprofesa.

Huu mwezi wa sita ndio wa mwisho wa kupaka, ulisema. Madaftari yote ninakutumia. Angalia namba. Kogo Cheptoo ametoka saba mpaka tatu na yeye ni nyekundu. Hezekiah ni nne na yeye ni buluu. Wote, wote. Nani mwingine angekufanyia hivi?

Mama yako,
Rael

Nakuru,
2 Julai 2024

Mama mpendwa,

Natumai wote ni wazima, na Kimberly analala. Mimi silali vizuri, ndiyo sababu naandika barua hii pole pole.

Nimepanga namba zote. Longonot, watu wa rangi moja wamepungukiwa na maumivu sana, na wa rangi ya pili kidogo tu. Tofauti unaiona hata bila kuvaa miwani. Olenguruone, rangi zote mbili zimeshuka sawasawa. Sawasawa kabisa, Mama, kama watu waliokula sufuria moja.

Bado hatujafungua orodha ya kusema rangi gani ndiyo siwot. Lakini Profesa Omolo ameshaona. Anasema ukiweka pande zote mbili pamoja, siwot haina kazi yoyote zaidi ya mafuta matupu, na hivyo ndivyo tutaandika. Anaweza kuwa sahihi. Siwot si mtoto wangu, sina haja ya kuitetea. Lakini kama kuna kitu kilitokea huko nisichokijua, tutakuwa tumeandika uongo, na mtu mwingine hataigusa tena miaka ishirini. Kuna watu ambao miguu inawaka na vidonge havitoshi. Hao ndio watakosa.

Kwa hivyo nakuuliza kama mtafiti, si kama mtoto. Nani aliandika namba? Watu walizitaja mbele ya wengine au kila mtu peke yake? Mikebe ilikaa wapi? Zile kelele za vifuniko ulizimaliza vipi? Hilo la mwisho ningepaswa kukuuliza nilipopata barua yako ya Machi. Niliona umeandika "unanijua" nikaridhika.

Nijibu yote, tafadhali.

Chepchumba

Olenguruone,
21 Julai 2024

Chepchumba,

Salamu. Tuko wazima. Mvua ya mawe imepiga kabichi za Weldon. Kimberly ana jino, mapema kuliko watoto wote wa huku. Ng'ombe mweusi ameuzwa.

Nimesoma barua yako. Baba yako pia ameisoma. Mimi sikujua kwamba watu kupona ni makosa. Labda huyo Sue wa Longonot ndiye aulizwe, kwa nini watu wake wa rangi moja hawakupona, hakuwapaka vizuri? Hata chai huenda hakuwapa.

Namba niliandika mimi kwa wasioweza kuandika, na wengine waliandika wenyewe. Mikebe kabla ya kugawa ilikaa kwangu kwenye kabati, imefungwa, na ufunguo nilikuwa nao shingoni.

Magauni yameshashonwa.

Mama yako

Nakuru,
5 Agosti 2024

Mama,

Nimepiga simu mara tano. Mara tatu uko shambani, mara moja uko kwa Kogo, mara moja baba amesema umelala saa sita mchana.

Umejibu maswali matatu, mawili vizuri na moja nusu. La nne hukuligusa.

Ripoti inapelekwa mwisho wa mwezi huu. Nikiwa sina jibu lako, itaandikwa vile Profesa alivyosema, nitavaa joho Desemba, na mtapiga vigelegele. Sitaki kukudanganya, nusu ya moyo wangu inataka usijibu.

Lakini nijibu.

Na jambo lingine. Nimeziweka barua zako mezani kwa mpangilio. Ile ya Februari mwandiko umenyooka kama mistari ya chai. Ya Julai herufi zinaanguka kulia. Baba anakamua, thermos imevunjika, mmenunua ya bati. Neva ya kifundo cha mkono hubanwa na kuvimba kwa mtu aliyekamua miaka arobaini. Mkono hufa ganzi, kisha unachoma, hasa alfajiri. Hiyo ndiyo kazi ninayosoma, Mama. Ulidhani sitaiona kwako?

Chepchumba

Olenguruone,
18 Agosti 2024

Chepchumba mtoto wangu,

Leo sitaanza na ng'ombe.

Wiki ya pili baada ya boksi la kwanza kufika, kulizuka maneno kwamba buluu ndiyo dawa na nyekundu ni mafuta ya nguruwe. Sijui nani alianzisha. Kogo Cheptoo aliniletea mkebe wake, akauweka mezani kwangu, akasema, "Rael, mimi nilikukata kitovu. Leo umenipa mafuta ya nguruwe na Hezekiah umempa dawa." Akaenda. Watu sita wakarudisha mikebe siku hiyo. Wenye nyekundu wakaketi upande mmoja wa ukumbi, wenye buluu upande mwingine, kama kanisa lililogawanyika. Na wote walikuwa wakiniangalia mimi.

Wewe unajua huku kwetu. Ng'ombe akichinjwa, mkono unaogawa haumruki mtu. Hata aliyekukosea unamkatia. Ningewezaje kumpa jirani yangu dawa na yule wa pili nimpe mafuta ya kung'arisha viatu, tena nikijua, tena kwa jina la binti yangu?

Nilichukua ile sufuria kubwa ya chai ya harambee. Niliiosha na maji moto mara tatu, hilo usinilaumu. Nikaikusanya mikebe yote ishirini na minne, nikamwaga mafuta humo, nikapasha kidogo, nikakoroga na mwiko mpya. Kisha nikarudisha kwenye mikebe, kila mtu kiasi kilekile, na kila mmoja kifuniko chake, nyekundu kwa nyekundu, buluu kwa buluu, kwa sababu ulisema rangi ya mtu isibadilishwe. Nilidhani rangi ndiyo unayohesabu. Niliita mkutano nikawaambia, sasa wote ni sawa. Wakapiga makofi. Kogo alinikumbatia.

Kila boksi lilipofika nilifanya hivyo. Miezi yote.

Barua yako ya Julai nilipofika pale pa sufuria moja, nilikaa chini. Nilijua. Nilikaa mwezi mzima najua. Nilijiambia, akiandika kwamba siwot haifanyi kazi, atavaa joho lake na hakuna atakayekufa. Halafu Ijumaa Hezekiah akaniuliza, "Mikebe mingine inakuja lini? Miguu imeanza tena." Usiku uleule nikachukua kalamu.

Mwambie Profesa. Mwambie karani wa kweli wa Olenguruone alikoroga.

Mkono ni wa baridi tu.

Mama yako,
Rael

Nakuru,
1 Septemba 2024

Mama yangu,

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama ofisini, nikamaliza, nikarudia. Kisha nikampa Profesa Omolo aisome yeye mwenyewe, kwa maana singeweza kuisema. Akavua miwani. Akasema miaka thelathini ya kazi hajaona mtu ameharibu utafiti kwa kuwa mkarimu. Kisha akasema vitu vigumu zaidi, na alivisema kwangu, kwa sababu mtafiti ni mimi.

Watu wote ishirini na wanne wa Olenguruone wameondolewa kwenye hesabu. Longonot peke yake haitoshi. Tunaanza tena upande huo mwaka ujao, kama watu watakubali. Desemba hakuna joho. Labda Desemba ya mwaka kesho, labda ya mwaka unaofuata. Nimelia, nisikufiche. Nilikuwa na hasira na wewe siku mbili nzima. Siku ya tatu nilikumbuka kwamba mimi ndiye niliyempelekea mama yangu rangi mbili nikamwambia awanyime nusu ya majirani zake, na sikueleza kwa nini. Nilieleza namna ya kufanya tu. Mwingine angeniuliza. Wewe uliniamini.

Sijui ni nini kiliwapunguzia watu wako maumivu. Labda siwot nusu inatosha. Labda ni mikono yako ikiwapaka nyayo, labda ni chai na kucheka kila Ijumaa. Hilo nalo Profesa amesema linafaa kutafitiwa, na ameliandika kwenye daftari lake.

Safari hii mikebe itakaa kwa Nesi Celestine pale zahanati, na kila mtu atajiandikia namba akiwa peke yake. Wewe hutashika. Naomba usiniombe.

Lakini kuna jambo nakuomba mimi. Usiniandikie tena kwamba uko sawa, wala kwamba ni baridi. Umewafundisha watu ishirini na wanne kutaja namba. Taja yako.

Chepchumba

Olenguruone,
22 Septemba 2024

Chumba, binti yangu,

Chamgei. Kimberly anakaa mwenyewe bila kushikiliwa, kichwa ni kizito kidogo, ni akili. Kabichi za Weldon zimechipuka tena. Baba yako anakusalimia, amesema nisiandike mengi.

Jumapili iliyopita niliomba pasta dakika mbili baada ya matangazo. Nilivaa lile gauni la Desemba kwa sababu lilikuwa safi. Nikasimama nikasema, "Lile joho halipo mwaka huu, na aliyelichelewesha ni mimi, si binti yangu. Yale mafuta niliyakoroga. Yeye alitaka kujua dawa ni ipi na mimi nikataka kupendwa na wote."

Kogo Cheptoo akauliza kutoka nyuma, kwa sauti, unamjua hasikii vizuri, "Kwa hivyo yangu yalikuwa ya nguruwe au hayakuwa?"

Watu walicheka mpaka pasta akakaa. Mimi sikucheka. Nje Hezekiah alinifuata, viatu vyake viko bila kamba tena. Akasema, "Rael, ungeniuliza tu. Mimi ningekubali mafuta matupu. Mimi nilikuwa nakuja kwa chai." Kisha akasema jina lake liandikwe la kwanza mwaka ujao, rangi yoyote. Wengine kumi na tisa wamejiandikisha. Kogo anataka buluu, nimemwambia hatachagua, na si mimi nitakayempa. Ufunguo wa kabati nimempa Celestine. Nilimwambia autunze, nimeuvaa shingoni kuliko msalaba.

Mbuzi yuko. Anazidi kunenepa. Hata ukichukua miaka miwili, atakuwa mbuzi wa kuheshimika. Na nikikutana na wale wanaonong'ona, nawaambia, ni watoto wangapi huku wamekataa kuvaa joho kwa sababu namba hazikuwa za kweli? Mmoja. Na nilimzaa bila sauti.

Sasa hiyo nyingine. Barua hii nimeiandika siku nne. Leo nimeamka mapema, nikaketi na kalamu, nikafanya kama ulivyowaambia watu, peke yangu, bila mtu wa kusikia.

Ni nane. Alfajiri ni tisa.

Niwekee siku ya kuonwa mkono huko kliniki Nakuru, nitateremka. Baba yako nimemwambia ni mbili. Mwache hapo kwanza, ana ng'ombe wa kukamua.

Mama yako,
Rael